Kwa Baba Yetu Nemwel Atuti, Mpigaji wa Sanduku la Chai

Mwaka umetimia wiki hii, Baba, tangu asubuhi ile ulipomaliza kikombe chako cha chai, ukakirudisha mezani, ukamwambia Mama kwamba umechoka kidogo na unataka kujinyoosha. Hukuamka tena. Ulikuwa na miaka sabini na minne. Sisi uliotuacha tulikaa tukakubaliana tukuandikie, na kazi hiyo nikapewa mimi, Gesare, kifungua mimba wako. Wanasema mwalimu hakosi maneno. Nimeanza barua hii mara nne.

Kwa wale wanaosoma hapa na hawakukujua, tuseme kwamba ulizaliwa upande wa Nyamira, ukaja Kericho ukiwa kijana wa miaka ishirini kutafuta kazi kwenye majani chai. Kiwandani ulipewa kazi upande wa kufunga chai, na hukutoka hapo mpaka ulipostaafu. Ulimwoa msichana wa Kapkatet, Chepchirchir, mama yetu, wakati watu wa pande zote mbili, Wakisii na Wakipsigis, walipokuwa wakiuliza kama hamkupata mtu wa kwenu. Mlitupata mimi na ndugu yangu Mageto.

Ulikuwa mtu wa kubebea watu mizigo. Ukimkuta mama wa watu amepumzika njiani na kapu la majani, hukuuliza anatoka boma la nani. Ulilitwaa kapu, mkapanda mlima mkizungumza habari za mvua. Ulisalimia ng'ombe kabla ya kusalimia watu. Kikipsigis chako kilikuwa na lafudhi ya Kikisii mpaka mwisho. Majirani walicheka kila ulipofungua mdomo, nawe hukuwahi kuudhika. Ulisema afadhali watu wakucheke wakuelewe.

Viatu vyako vya mvua ulivisafisha kila jioni, hata wakati wa kiangazi.

Lakini wengi walikujua kwa ajili ya sanduku, na habari ya sanduku ndiyo tunayotaka kuikumbuka leo.

Siku zile chai ilifungwa kwenye masanduku ya plaiwudi yenye karatasi ya rangi ya fedha ndani, siyo kwenye magunia ya karatasi kama leo. Sanduku lililopasuka kona halikufaa kupelekwa mnadani, kwa hivyo wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nalo nyumbani kuwekea nguo. Wewe ulikalia la kwako ukaanza kuligonga. Ukaona kwamba katikati linatoa sauti nzito, na karibu na ukingo linatoa sauti kavu kama ya mtu anayegonga mlango. Siku hiyo nguo zetu zilikosa pa kukaa.

Rafiki yako Oyoo, fundi wa mashine pale kiwandani, alikuwa na binamu bandarini Mombasa. Binamu huyo alimletea santuri aliyopewa na baharia. Karatasi ya katikati ilikuwa imechubuka, haisomeki. Haikuwa na gita wala tarumbeta kama rumba mliyoizoea redioni. Ilikuwa na ngoma, vijiti viwili vinavyogonganishwa, na sauti za watu, basi. Lugha hamkuijua. Mlijua tu kwamba ni rumba ya Kuba, kwa sababu baharia alisema hivyo.

Mliisikiliza mpaka ikachakaa. Oyoo alichonga vijiti kutoka kwa mti wa chai uliong'olewa shambani, mti mgumu kuliko unavyoonekana. Kiptum wa Sigor, aliyekuwa akilisha kuni boila ya kiwanda, alikuwa na sauti ya juu, akawa mwitikiaji. Wewe uliongoza wimbo na kupiga sanduku. Kila Jumapili mchana ukumbi wa kambi ya wafanyakazi ulijaa. Kulikuwa na wachuma majani, wapishi, makarani, na akina mama waliofunga watoto mgongoni, na wote walicheza.

Mama hakucheza. Alipita nje ya ukumbi akitoka ibada ya pili, Biblia kwapani, akatazama mbele.

Nami nilikuonea haya, Baba. Shuleni waliniita mtoto wa sanduku. Nikitoka darasani nilipitia nyuma ya maghala ili nisikutane nawe ukilibeba sanduku begani na kuniita jina langu kwa sauti ile yako. Sikuwahi kukuomba msamaha kwa mdomo. Nakuomba hapa, mbele ya watu.

Uliendelea hivyo zaidi ya miaka thelathini. Kisha ukastaafu, Oyoo akarudi kwao Nyakach, Kiptum akarudi Sigor kwa ng'ombe wake, nawe ukahamia Kapkatet kwenye kipande cha shamba mlichonunua na Mama, chai kidogo, mahindi kidogo na ng'ombe wawili. Sanduku ulilibeba juu ya mizigo yote. Jioni ulikaa nalo mlangoni ukaimba peke yako.

Hapo ndipo Mzee Kipkemoi alipokuja. Ni jirani yetu na ni mzee wa kanisa, na hatumtaji hapa kwa ubaya. Alikuja mchana kweupe, akakaribishwa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, akakuuliza kwa upole.

"Baba Gesare, hiyo wimbo unaimba kila siku, maneno yake ni ya kusema nini?"

Ulifikiri, ukamjibu kwamba hujui.

"Sasa kama hujui, utajuaje si matusi? Ama si maombi ya kitu ingine?"

Mtu mwingine angetunga maana yoyote pale pale. Wewe hukuweza kusema uongo hata kwa mgeni wa mara moja. Ulizunguka na swali hilo juma zima. Mama anasema uliacha kumaliza chakula. Jumapili iliyofuata ulimwambia kwamba mtu mzima hawezi kuimba mbele ya watoto maneno asiyoweza kuyasimamia, ukalipeleka sanduku stoo.  Mama alikuwa ameomba kwa miaka mingi uache, na sasa umeacha, akagundua kwamba nyumba imekuwa na kimya asichokipenda.

Ulinyamaza miaka kumi na mitatu. Kuku aliingia ndani ya sanduku akataga, nawe ukamwacha.

Ulipoanguka ilikuwa Agosti ya mwaka 2019. Mvua ilikuwa imenyesha, nawe ulikuwa ukiteremka na kapu la jirani kwenda kituo cha kununulia chai. Uliteleza, mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga. Wanaume wanne walikubeba kwa blanketi hadi barabarani, na jioni ile ile ukawa kitandani katika hospitali ya Kapkatet.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke kutoka Kuba, mmoja wa wale madaktari walioletwa na serikali. Jina lake ni Yaneisy. Kapkatet nzima ilimwita Daktari Janet, naye akaitika. Kiswahili chake alikuwa amekiokota wodini, kwa hivyo alijua kusema pole, vuta pumzi, na unaumwa wapi, na alikuwa akiongeza maneno kila siku.

Siku ya tatu baada ya upasuaji walikuja kukufundisha kukaa. Uliumwa sana. Mageto alikuwa hapo, ndiye aliyetusimulia. Ili usilie mbele ya mtoto wako, ulipeleka mkono kwenye kabati dogo la kando ya kitanda ukaanza kuligonga. Mapigo matatu, halafu mawili. Matatu, halafu mawili. Daktari alikuwa ameshatoka, yuko mlangoni na mafaili yake. Akasimama. Akageuka, akaweka mafaili juu ya kitanda cha mtu, akapiga makofi katikati ya mapigo yako, mahali hasa ambapo Oyoo alikuwa akiingia na vijiti.

Uliondoa mkono haraka, ukadhani umevunja sheria ya hospitali.

"Mzee," akasema, "nani alifundisha wewe hii?"

Ukamweleza habari za santuri, baharia na masanduku ya chai. Mageto alisaidia pale Kiswahili kilipomshinda. Aliposikia neno sanduku alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akawaeleza kwamba anatoka mji wa bandari unaoitwa Matanzas, kwamba babu wa bibi yake alikuwa mpakuzi wa meli, na kwamba watu wa rika lile, walipokosa ngoma au kukatazwa kuzipiga, walichukua masanduku ya samaki na ya mishumaa wakayapiga. Rumba yao ilikulia kwenye masanduku. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna watu waliofanya vivyo hivyo kwenye chai ya Kericho.

Akakuomba umwimbie. Ukakataa. Ukamwambia ukweli kwamba uliacha, kwa sababu hujui maneno yanasema nini.

"Imba," akasema. "Mimi nitaambia wewe."

Uliimba, Baba, ukiwa na gauni la hospitali na mguu umefungwa. Sauti ilikuwa imepata kutu. Ulichoimba kilikuwa hivi, kama ulivyokijua siku zote: Mama wadame luplato, kelibarko natamina'o. Wagonjwa wengine waliinua vichwa. Daktari alikuomba urudie, polepole, mara tatu. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: Mamá, guárdame el plato, que el barco no ha terminado.

Akaeleza neno moja baada ya lingine. Ni mpakuzi wa meli anayemwimbia mama yake. Mama, niwekee sahani yangu, meli bado haijaisha kupakuliwa. Beti nyingine zinasema mgongo unauma, jua limezama, msinilie chakula changu chote, nitarudi.

Mageto anasema ulimuuliza daktari kama ni hayo tu. Hakuna tusi? Hakuna. Hakuna mungu mwingine? Katika wimbo huu hakuna, Mzee, kuna njaa tu.

Mama akaingia saa hiyo hiyo, saa ya kuona wagonjwa, na kikapu chake chenye ugali, mboga na chupa ya chai. Alikuta watu wanafuta macho akafikiri kuna habari mbaya. Mageto akamfasiria wimbo wote. Mama aliweka kikapu chini.

"Kwa hivyo miaka hiyo yote, Baba Gesare, ulikuwa unaniomba chakula tu?"

Wodi nzima ilicheka. Hata yule mzee wa kitanda cha mwisho, ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe, alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulimwomba Mama akitoka hospitalini apitie stoo, amhamishe kuku.

Ulitoka baada ya wiki tano ukitembea kwa mikongojo. Kitu cha kwanza hakikuwa kupumzika. Ulimtuma Mageto amwite Mzee Kipkemoi. Alipofika ulimwonyesha ile karatasi ya dawa ukamsomea maana, kisha ukasema kwamba hili ndilo jibu la swali lake, na samahani kwa kuchelewa. Mzee Kipkemoi alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuuliza. Alipokumbuka alifadhaika, Baba, tulimwona. Alikuambia hakujua kwamba swali lake lilikunyamazisha muda wote ule, na kwamba angeulizwa siku hiyo angesema wimbo wa mtu wa kazi hauna dhambi. Kanisani sanduku halikuingia, na wewe hukuomba liingie. Lakini nyumbani ulikuwa huru.

Kiptum alikuja kutoka Sigor wiki ile ile uliyompigia simu. Oyoo alichelewa kidogo kwa sababu sikio moja lilikuwa limekufa na simu alikuwa akiweka kwenye hilo. Daktari Yaneisy alikuja Jumamosi mchana asipokuwa na zamu, akiwa na viatu vya raba na mkate. Mlikaa uani, karibu na pale tunapokamulia ng'ombe.

Siku ya kwanza aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mwanzo uko wapi. Mkashangaa. Kumbe santuri ya Oyoo ilikuwa imekwaruzika mwanzoni, sindano ikawa inaruka, na nyinyi miaka yote mlianzia katikati. Akawaonyesha. Kabla ya sanduku, kabla ya vijiti, mwongozaji anafungua peke yake kwa sauti isiyo na maneno, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuna anayegonga chochote mpaka yeye afungue. Ulifanya mazoezi ya kipande hicho mpaka ng'ombe wakazoea.

Kitu kimoja kilikuwa kinakuuma, nacho si mfupa. Ulipenda kucheza, na mguu ulikuwa umekataa. Ulikaa ukipiga huku ukitazama nyayo za wengine. Daktari aliona hilo. Akakuambia kuna rumba tatu kwao, na moja, ya polepole kuliko zote, inaitwa yambu. Hiyo ni ya wazee. Hata vijana wakiicheza huinama mgongo na kushika kiuno wakijifanya wazee. Hakuna kuruka, hakuna kukimbizana na mwanamke kwa utani wa nyonga kama katika zile nyingine.

Mama alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. Akasimama.

"Hakuna kuruka?"

"Hakuna, Mama."

"Na hakuna ile ya kutingisha?"

Daktari alimhakikishia hakuna. Mama aliweka ndoo juu ya ukuta ili paka asiifikie. Akakaza kitambaa chake kichwani, akaja mbele yako, akanyoosha mikono yote miwili ushike badala ya mkongojo. Ulikuwa umemwoa miaka arobaini na minane. Hatukuwahi kuwaona mkicheza. Mlikwenda hatua ndogo ndogo, wewe ukiegemea upande wa mguu mzima, yeye akikutazama miguu kana kwamba unavuka daraja la mti. Kiptum aliimba kwa sauti ya chini ili asiwaharakishe. Mlipomaliza Mama alichukua ndoo akaenda jikoni, na tulimsikia akicheka huko ndani peke yake.

Nilikuwa nimekuja wikendi hiyo kutoka shuleni kwangu upande wa Chepseon. Nilisimama nyuma ya tangi la maji nikatazama yote. Niliporudi kazini niliwasimulia walimu wenzangu mimi ni binti wa nani.

Baada ya hapo ua wetu haukukosa watu. Kwanza vijana walikuja kucheka. Walisema ni muziki wa maboksi. Caren, msusi wa nywele pale sokoni Kapkatet, alikuja na wateja wake wawili wapige picha za simu. Alibaki mpaka jua likashuka na Jumamosi iliyofuata alirudi bila simu. Nicholas, aliyepoteza kazi ya kuchuma chai baada ya mashine za kuvuna kuletwa, alikuja kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Ulimpa sanduku la pili, ulilomtengenezea mwenyewe kwa plaiwudi ya dukani, ukamwambia likilia vibaya ni kosa lako wewe fundi, siyo lake. Ulimfundisha miaka mitatu. Sasa mikono yake ni mizuri, Baba, ingawa bado anaharakisha.

Daktari alirudi kwao muda wake ulipokwisha. Siku ya kuagana alikuachia daftari la nyimbo kumi na moja, maneno upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, kwa mwandiko wake wa kidaktari. Mama alimpa kibuyu cha mursik. Alikinywa chote pale pale kwa adabu, na sote tulijua hakukipenda.

Miaka yako ya mwisho ilikuwa mizuri. Tunataka watu wajue hivyo. Kifua kilikusumbua wakati wa baridi, moyo ukadhoofika, ukawa unapiga wimbo mmoja na kupumzika miwili. Lakini ulicheza yambu na Mama kwenye arusi ya Mageto mbele ya Wakisii wote na Wakipsigis wote, na shangazi yako mkubwa kutoka Nyamira akauliza huyu mwanamke alikuwa amefichwa wapi.

Jambo moja hukulifanya. Hukumchagua mtu wa kuongoza baada yako. Kila mtu alikuwa na nafasi yake, na ya kwako hatukuwahi kufikiri itabaki wazi.

Tulikuzika Alhamisi. Mzee Kipkemoi aliomba. Kiptum na Oyoo walikaa pamoja kwenye benchi moja, hawakuimba. Watu walidhani ni heshima. Ukweli ni kwamba hawakuweza. Jumamosi iliyofuata kundi lilikuja uani, likakaa, likasubiri, likanywa chai, likaenda. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Kiptum alisema yeye amezaliwa mwitikiaji na akifungua wimbo atajisikia amekalia kiti cha mtu. Nicholas anajua kupiga, sauti hana. Caren alijaribu mara moja akaanza kulia. Bila wa kufungua, sanduku haligongwi, na hiyo ni sheria mliyoikubali wenyewe. Ilipofika Oktoba walikuwa wanakuja watu wanne. Mama aliendelea kupika chai ya watu kumi na watano.

Jumamosi ya pili ya Novemba nilikuwa nyumbani. Walikuja watatu tu. Oyoo, ambaye alikuwa amelala kwetu, alinyanyuka akachukua kofia yake. Alisema mwili wake haumruhusu tena safari ya kutoka Nyakach, na kwamba amefurahi kuwafahamu vijana wetu. Aliwashika mkono mmoja mmoja. Alikuwa anaaga, Baba, na kila mtu alijua akitoka kwenye lango lile basi imekwisha.

Mimi nilikuwa nasuuza vikombe kwenye beseni. Sijui kuimba. Unajua hivyo. Nina sauti ya kunyamazisha darasa la watoto sitini. Niliona mgongo wa Oyoo ukielekea langoni na vijiti vyake vimetokeza kwenye mfuko wa koti, nikafungua mdomo.

Niliita kama ulivyokuwa ukiita wewe, bila maneno, kwa sababu sikuwa na neno hata moja. Nilianza juu sana. Sauti ilipasuka katikati, nikameza mate, nikashuka chini, nikaendelea. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya maji. Nilifumba macho nisimwone mtu. Nilifika mwisho wa pumzi na kulikuwa kimya kabisa, nikasema moyoni kwamba nimekuaibisha.

Kisha nikasikia vijiti. Matatu, mawili. Oyoo alikuwa amegeuka. Nicholas alivuta sanduku kati ya magoti. Na Kiptum, mzee wa watu, akaitikia kwa sauti ile ile ya juu aliyoimba nayo kwenye ukumbi wa kambi nikiwa msichana mdogo ninayejificha nyuma ya maghala.

Waliitikia wote. Mama alitoka jikoni na unga mikononi akaitikia pia.

Wiki hii, mwaka wako unapotimia, uani kuna watu kumi na tisa. Saba kati yao ni wasichana, na wawili wanasema wanataka kufungua wimbo wenyewe. Nimewaambia wafanye zamu. Jumamosi hii mchana watu wote wanakaribishwa nyumbani Kapkatet, baada ya maombi. Mje na viatu vya kuchezea.

Unakumbukwa na mkeo, Chepchirchir. Watoto wako, Gesare na Mageto. Mkwe wako Nyaboke. Wajukuu wako, Moraa, Kiptoo na huyu mdogo aliyezaliwa Machi na kupewa jina lako. Dada yako Kerubo na jamaa wote wa Nyamira. Marafiki zako Kiptum na Oyoo. Jirani yako Mzee Kipkemoi. Daktari Yaneisy huko Matanzas. Caren, Nicholas na wana rumba wote wa Kapkatet.

Pumzika, Baba. Sisi tupo, na hatuna siku tutakayokusahau.